Kamishna Anaoga Maji ya Moto

Hapa kwangu imekuwa sheria: maji ya moto ni ya ng'ombe kwanza. Huku Wanale, juu ya genge linaloichungulia Mbale, asubuhi za mwezi wa sita ukungu huingia ndani bila kubisha hodi, na mwanamume wa umri wangu anastahili walau birika moja la kunawia uso. Mke wangu ananipita mlangoni nimejifunga taulo, kabeba sufuria linalofuka mvuke, anashika njia ya bandani.

"Subiri kidogo, baba watoto. Kamishna hajaoga."

Kamishna ni maksai. Mama yake tulimpandisha kwa sindano, mbegu ya Friesian, tukiomba tupate mtamba wa maziwa, akatoka dume. Dume chotara katika boma la mtu mwenye nusu ekari ya kahawa na migomba ni mgeni asiyeaga, kwa hiyo akahasiwa mapema kwa koleo, akaachwa akue. Jina alipewa na watoto. Kila akifunguliwa anazunguka boma zima, anakagua kila kitu, anapumua kwa nguvu, kisha anarudi kulala bila kufanya lolote.

Kule tambarare, upande wa Teso, ambako plau la kukokotwa na ng'ombe lilifika karibu mwaka 1910, maksai ana kazi inayoeleweka. Huku kwetu ukifunga plau asubuhi, saa nne utakuta limeshuka nawe na ng'ombe hadi Namatala. Tunalima kwa jembe la mkono, tena huku mguu mmoja umeegemea kisiki. Maksai wa Wanale ni mstaafu tangu utotoni, na mimi nilikuwa nimelikubali hilo. Anakula majani, anatoa samadi, samadi inakwenda kwenye kahawa. Hatukudaiana.

Kisha akaja shemeji.

Kila mwaka, aghalabu mwezi wa saba, shirikisho la wakulima la taifa huandaa maonyesho makubwa ya kilimo kule Jinja. Watu hutoka pembe zote za Uganda na mbegu, matrekta, kuku, mbuzi, ng'ombe, na wale wanaouza dawa ya kila kitu. Shemeji aliwahi kwenda kutazama. Akarudi na kofia ya kampuni ya mbolea, na tangu siku hiyo ni mtaalamu wa mifugo, ingawa bandani kwake hakuna hata bata.

Akaegemea uzio wangu, akamtazama Kamishna kwa muda mrefu.

"Shemeji, umelalia mali."

"Mali gani?"

"Huyu ni wa Jinja. Mpe miezi michache tu ya matunzo, uone."

Nikamwuliza matunzo hayo atayatoa nani. Akacheka, akanipiga begani, akamwita dada yake. Wakazungumza pembeni, na walipomaliza ikawa tumekubaliana.

Lazima niseme pia kwamba mwaka wenyewe ulikuwa wa shufwa. Sisi Bagisu mwaka wa shufwa ni mwaka wa imbalu, yaani tohara ya vijana, na kijana wangu alikuwa ameshatangaza kwamba mwezi wa nane atasimama mbele ya kisu. Mwaka kama huo hakuna mnyama mwenye nyama anayepita njiani asihesabiwe na ukoo mzima. Watu walikuwa wakimwuliza shemeji pia, maana yeye ndiye mjomba, na mjomba hatarajiwi kuja mikono mitupu. Kila akiulizwa ataleta nini, alijibu, "Mungu ni mwema," akarudi kumpapasa Kamishna mgongoni.

Habari ikaenea kilimani kwamba nina ng'ombe wa mashindano, nami nikagundua kuwa ninaishi na majaji watupu. Walikuja mmojammoja na wengine kwa makundi, na wote walitakiwa kunywa chai.

Mchinjaji wa pale chini sokoni alikuja wa kwanza. Huyo hatazami uso wa ng'ombe. Alishika ngozi ya ubavuni, akaivuta, akaiachia. Akaminya shina la mkia kwa vidole viwili. Akapitisha kiganja juu ya mbavu akihesabu zinazohisika. Kisha akasimama nyuma kabisa, akainama, akatazama jinsi paja linavyoshuka hadi gotini. "Nyuma yupo," akasema, "ila mbavu bado zinaongea." Akataja bei bila kuombwa. Mke wangu akamwondolea kikombe.

Akaja mzee mmoja aliyewahi kulimia maksai huko Bukedea. Yeye hakuona haja ya mapaja. Alitaka shingo, nundu na miguu. Alimtembeza mbele na nyuma, akisikiliza kwato zinavyogonga mawe. Alisema ng'ombe asiye na nundu ya maana ni wa kuchorwa kwenye kopo la maziwa tu. Kamishna ana kinundu kidogo, urithi wa upande wa mama, ambaye ana damu ya zebu wa hapa. Na zebu wetu, msimdharau, ni mdogo lakini anavumilia kupe, njaa na mteremko. Dume wake akifika kilo 300 majirani huanza kuuliza analishwa nini usiku.

Mpwa wangu kutoka Kampala alimfungua mdomo ili ajue umri, maana aliona kwenye simu kwamba hujulikana kwa meno. Ni kweli: ng'ombe hubadilisha meno ya mbele jozi kwa jozi, na Kamishna alikuwa ameshaota jozi mbili, yaani yupo karibu miaka mitatu. Lakini mpwa akaruka nyuma akipiga kelele kwamba mnyama ameng'oka meno yote ya juu na tumwite daktari haraka. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu tangu Nuhu. Huyo kijana anasomea shahada.

Kijana mwingine, wa mifugo kweli, alikuja na karatasi. Yeye hutoa alama za unene kuanzia 1 hadi 5: moja ni mifupa inayotembea, tano ni mafuta yanayotembea. Kamishna akapata 3. Nikafurahi, maana mimi shuleni sikupata zaidi. Shemeji akakunja uso, akasema Jinja hawendi na 3.

Aliyenitesa zaidi ni mama mkwe. Kwa desturi yetu mimi na yeye hatutazamani usoni wala hatukai pamoja. Kwa hiyo alipotangaza kwamba anakuja kumwona ng'ombe, ilinibidi mimi, mwenye boma, mwenye banda, mwenye ng'ombe, nijifiche kwenye mibuni. Nikachuchumaa humo huku siafu wananikagua. Na kwa kuwa hawezi kusema nami, alisema na Kamishna, kwa sauti iliyovuka bonde.

"Kamishna! Mwambie mwenye nyumba hii hayo majani ni makavu. Kamishna! Mwambie ng'ombe hafungwi penye matope, kwato zitaoza. Kamishna! Mwulize lile paa la jikoni atalitengeneza lini!"

Paa la jikoni linahusiana vipi na maonyesho ya Jinja, sijui. Wajukuu walikuwa wamejipanga nyuma yake wakiitikia, "Ndiyo, kukhu." Kamishna naye akitingisha kichwa, akinishtaki kwa kila kosa.

Shemeji alihitimisha tathmini kwa sayansi. Alileta tepu ya fundi cherehani na kalamu. Kanuni yenyewe si uongo, wafugaji wengi wasio na mizani huitumia: unapima mzunguko wa kifua kwa sentimita nyuma tu ya miguu ya mbele, unauzidisha kwa wenyewe, unazidisha tena kwa urefu wa mwili kuanzia begani hadi mwisho wa paja, kisha unagawanya kwa 10,840. Jibu ni kilo. Shemeji akapata kifua 172, urefu 140, akaandika kwenye mlango wa banda kwa chaki: KILO 382. Alipima baada ya Kamishna kunywa ndoo nzima ya maji, na juu ya manyoya ya baridi ya mlimani ambayo ni manene kama blanketi la hospitali. Nilipotaja hayo akaniambia nisilete roho mbaya.

Akamsogeza hadi mahali ambapo tulizoea kumsimamishia wageni, pale mbele ya nyumba, kichwa kikielekea mlimani. "Tazama huo mgongo," akasema. "Unaweza kuandikia barua." Na kweli, ulikuwa umenyooka toka begani hadi mkiani. Watu wote waliomtathmini, hata mchinjaji, walimtathmini amesimama hapohapo. Hapana pengine. Uwanja wangu ukidondosha chungwa, utalikuta kwa jirani wa chini.

Baada ya hapo likaanza suala la tumbo.

Zamani Kamishna alikula matete na maganda ya matoke, akashukuru. Sasa akaandikiwa lishe. Matete yakatwe mafupi na yanyauke kwanza. Pumba za mahindi asubuhi na jioni. Mashudu ya pamba. Molasi, ile shira nyeusi inayobaki viwandani baada ya sukari kutoka, ikachanganywa na maji na kunyunyiziwa juu. Machicha ya busaa kutoka kwa mama anayepika pombe pale njiapanda, na hapo nikapata taabu mpya, kwa sababu kila nikionekana natoka kwa yule mama na ndoo, nilipaswa kumweleza katekista.

Chakula hakibadilishwi ghafla. Kinaongezwa kidogokidogo, la sivyo tumbo linachachuka. Na ukimmwagia majani mabichi ya jamii ya kunde yenye umande, anavimbiwa ubavu wa kushoto mpaka analia, na usiku huohuo unaweza kumpoteza. Haya nayajua kwa sababu zamu ya usiku ya kusikiliza tumbo la Kamishna niliwekwa mimi. Mke wangu aliniamsha: "Nenda kamsikilize." Mimi nina vidonda vya tumbo kwa miaka, hakuna aliyewahi kuniwekea sikio.

Chumvi pia. Jiwe la chumvi la dukani alilamba likaisha, akadai jingine. Mzee wa plau akanituliza kwamba ng'ombe wa mlima huu hawakuanza jana. Upande wa Kenya wa Masaba, unaoitwa Elgon kwenye ramani, kuna mapango kama Kitum ambako tembo huingia gizani usiku, wakachimba ukuta kwa pembe ili walambe chumvi. Na watu wa huko walikuwa wakiishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao. Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 aliwakuta. Nikasema basi na huyu apelekwe Kitum akajichimbie mwenyewe. Hakuna aliyecheka.

Pesa ya pumba, mashudu, molasi na dawa ya kupe ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kahawa. Bugisu tumesomesha watoto kwa kahawa, tumejenga, tumelipa mahari. Chama chetu cha ushirika kimeishi tangu 1954 kwa kahawa hiyohiyo. Mwaka huo kahawa yangu ilimsomesha maksai. Kupe hasa hawana mzaha: yule wa masikioni huleta ndigana kali, na maksai aliyekwisha kula mashudu yote hayo akifa kwa ndigana, utakaa matanga ya hela, si ya ng'ombe. Tukampulizia dawa kwa ratiba. Shemeji alisimamia akiwa upande upepo unakotoka.

Sasa mafunzo. Ng'ombe wa maonyesho lazima afuate hatamu bila kuvutana, asimame akiambiwa, apange miguu minne katika pembe nne, ainue kichwa, na avumilie mikono ya mtu asiyemjua. Haya hayafundishwi wiki ya mwisho. Shemeji alijaribu siku ya kwanza, Kamishna akamshusha hadi kwenye shamba la kabichi la jirani, shemeji bado kashika kamba, akisema "taratibu, taratibu". Tangu hapo akawa mshauri.

Aliyemweza ni binti yangu mdogo. Alikuwa akimfunga hatamu, anamwacha akiwa amefungwa muda mfupi kila siku hadi akaacha kupigana na kamba, kisha anamwongoza mtoni akimhadithia mambo ya shule. Akapata fimbo nyembamba, akawa anamgusa kwato na kuisogeza inapotakiwa, kisha anamkuna tumboni kwa fimbo hiyohiyo ili atulie. Baada ya muda Kamishna akawa anajipanga mwenyewe akimwona tu. Huyo binti nikimwambia alete maji ya kunywa, ananiuliza kama sina miguu.

Na kwa kuwa uwanja wa maonyesho una spika na umati, tukaambiwa mnyama azoee kelele. Njia ya kawaida ni kumwekea redio bandani. Redio yangu. Mimi niliyekuwa nasikiliza taarifa ya saa moja na matangazo ya vifo, nikawa namwendea Kamishna kumwuliza nani kafariki.

Ndipo kikafika kipindi cha kuoga. Nilidhani ni mara moja, siku ya safari. Kumbe ngozi na manyoya huandaliwa mapema: anaoshwa, anasuguliwa uchafu uliogandia mapajani, anakaushwa, anapigwa brashi ya kuinua manyoya juu, mara kwa mara, mpaka yakubali. Kwato zinachongwa mapema ili kama atachechemea apate muda wa kupona. Mkia unafumuliwa na kuchanwa. Masikio yanafutwa ndani kwa kitambaa laini. Kitambaa laini chenyewe kilikuwa fulana yangu ya Krismasi.

Nilipolalamika, mpwa wa Kampala akanionyesha kwenye simu kwamba sisi bado. Kule Uingereza, mwaka 1801, bwana mmoja alianza kumzungusha maksai wake nchi nzima, akijulikana kama maksai wa Durham, ndani ya gari lake maalumu la kukokotwa na farasi, watu wakilipa kumtazama. Akazunguka miaka hadi 1807, alipoumia nyonga. Na Marekani, mjini Denver, kuna hoteli ya kifahari iitwayo Brown Palace ambako tangu 1945 maksai bingwa wa maonyesho ya huko huletwa ukumbini, wageni wakiendelea kunywa chai. Mke wangu alisikiliza hadithi hiyo kwa makini mno. Jioni nikamkuta anapima mlango wa sebule.

Karatasi nazo. Ng'ombe hatoki wilayani bila kibali cha daktari wa mifugo, na hapati kibali bila barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kuthibitisha kwamba ng'ombe ni wako, na mwenyekiti hatoi barua bila kueleza kwamba ujumbe wa kijiji hauwezi kwenda Jinja pasipo mwenyekiti. Haya mambo si mchezo: ugonjwa wa miguu na midomo ukitokea mahali, karantini inawekwa, minada inafungwa, na hakuna mnyama anayevuka. Kwa hiyo Kamishna alikaguliwa mdomo na kwato, akapigwa muhuri mara mbili. Mimi nilizunguka na karatasi zake ndani ya bahasha kifuani, ilhali kitambulisho changu mwenyewe kimepotea tangu mwaka juzi na hakuna aliyekitafuta.

Safari tulianza usiku ili joto lisimpate. Kushuka Wanale kwa Canter na ng'ombe nyuma ni jambo ambalo dereva alilifanya akiwa ametoa kichwa dirishani na sisi tukiwa tumefumba macho. Kutoka Mbale tukashika barabara ya Tirinyi, tukavuka kinamasi cha Mpologoma kukiwa na vyura wanaopiga kelele kuliko spika yoyote ya Jinja, Namutumba, Iganga, tukapumzika. Tulibeba maji ya nyumbani kwenye madumu, kwa sababu ng'ombe mgeni huyanusa maji ya ugenini na kuyakataa. Wenye ujuzi huyatia molasi kidogo ili yanuke nyumbani. Kwenye kabini walikaa dereva, mwenyekiti na shemeji. Mimi na binti tulikaa nyuma na Kamishna. Tulipofika Kakira, kwenye mashamba ya miwa yasiyo na mwisho, harufu ya kiwanda ikampata, akaanza kulia kwa huzuni, na hakunyamaza mpaka Jinja.

Jinja ni tambarare na ina joto la ziwa. Kamishna na lile koti lake la mlimani akaanza kutoa ulimi nje. Tukamwogesha tena, safari hii kwa maji baridi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita nikaona tumekuwa sawa.

Kwanza mizani. Mizani ya chuma, si tepu. Ikasema 351.

Shemeji akaitazama, akaitikisa kwa mguu, ikasema 351. "Kilo 31 ziko wapi?" akamwuliza dereva. Dereva akasema yeye alibeba ng'ombe, hakubeba hesabu. Yule kijana wa mifugo angekuwepo angetueleza kwamba mnyama hupungua safarini, tumbo likitoka na maji yakikosekana. Na kanuni ya tepu hukisia tu. Lakini shemeji alikwenda hadi kwenye Canter, akachungulia ndani.

Kisha uwanjani. Nisiseme uongo, binti yangu alimwongoza vizuri. Kamishna alitembea kwa heshima, akapuuza spika, akapuuza trekta, akasimama pembe nne hata kabla hajaguswa. Mwamuzi, bwana mwenye koti jeupe na sauti ya upole, akamzunguka. Akapapasa mbavu. Akaminya shina la mkia. Akasimama nyuma, akainama, akatikisa kichwa kwa kukubali: mapaja ya mpanda mlima hayajifichi. Kisha akarudi ubavuni, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Mgongo umelegea katikati," akasema.

Nikatazama. Naapa sikuwahi kuuona mgongo ule. Kulikuwa na bonde kati ya bega na kiuno, bonde kabisa, ungeweza kuweka sahani isiteleze. Shemeji akavua kofia ya mbolea.

Mzee mfugaji aliyekuwa amesimama jirani na ng'ombe wake mwekundu ndiye aliyetufungua macho. Akauliza tunatoka wapi. Tukasema Wanale. Akacheka mpaka akashika uzio. Akasema wazoefu wa maonyesho hutafuta kijiinuko popote uwanjani, hata cha kipimo cha kiganja, wakaweka miguu ya mbele ya ng'ombe hapo. Mgongo unanyooka wenyewe, kasoro inajificha. "Ninyi," akasema, "mmekuwa mkimtazama juu ya kijiinuko cha mita elfu mbili."

Hatukupata utepe. Tulipata karatasi ya kushiriki, ambayo mwenyekiti wa LC1 aliichukua akasema ni mali ya kijiji. Mnunuzi mmoja alimtazama Kamishna, akataja bei iliyonifanya nisahau mashudu yote, na nilikuwa nimeshanyoosha mkono ili tushikane. Shemeji akaingia katikati.

"Huyu hauzwi. Shemeji, huyu ana mpango."

"Mpango wa nani?"

"Mungu ni mwema," akasema.

Tukarudi naye, kilomita zote zile, mimi nyuma.

Mwezi wa nane ukafika. Ngoma zilianza, kijana akapakwa chachu ya mtama kichwani, akazunguka kwa ndugu akicheza na kupewa hiki na kile. Boma langu lilijaa watu mpaka kwenye mibuni, ambako nilikuwa nimehifadhi nafasi yangu kwa ajili ya mama mkwe. Ilipofika zamu ya mjomba, pakawa kimya. Nikamtafuta shemeji kwa macho, nisimwone. Nikasikia kwato nyuma ya nyumba.

Alikuwa amemtoa Kamishna bandani kwangu, amemzungusha nyuma ya jiko langu lenye paa bovu, akapita naye kwenye migomba yangu, na sasa anaingia naye kwa mlango wa mbele wa uzio, hatamu mkononi, kofia ya mbolea kichwani. Shingoni amemfunga utepe mwekundu alioununua mwenyewe Jinja. Kamishna alikuwa ameogeshwa. Nilijua, kwa sababu asubuhi hiyo nilinawa maji ya mtungi.

"Mwanangu," shemeji akamwambia kijana wangu kwa sauti ya wote kusikia, "mjomba wako si tajiri. Lakini ng'ombe huyu ametembea mpaka Jinja. Anza naye maisha."

Vigelegele vikapanda hadi gengeni. Mama mkwe akacheza. Mwenyekiti wa LC1 akatoa ile karatasi ya kushiriki mfukoni, akaisoma yote. Binti yangu akamgusa Kamishna kwato kwa fimbo, naye akajipanga pembe nne, kichwa juu, kakielekeza mlimani, na mgongo ukanyooka.

Kisha wazee wakanigeukia mimi, wakasema baba wa kijana asimame, atoe shukrani kwa mjomba.